Sekunde Tano za Fundi Filemoni

Wananchi wote wa Mafinga, wenyeji na wapita njia, madereva wa malori ya magogo mliosimama kunywa supu, na wanakwaya ambao bado mnabishana nani aimbe sauti ya pili, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Fundi Filemoni, seremala, mume wa mke mmoja na mwenye vidole tisa, amenunua sekunde tano. Amezinunua Iringa mjini, mchana kweupe, akiwa na akili zake zote. Bei ni shilingi laki nne na nusu. Risiti anayo.

Sekunde zenyewe zimo ndani ya kompyuta mpakato, kwenye kitu ambacho watangazaji wa redio hukiita kichakataji na sisi wengine tunakiita prosesa. Hazionekani kwa macho. Mwenyewe hajaziona. Lakini zimo, na jinsi zilivyoingia humo ndiyo habari yenyewe.

Fundi Filemoni ana umri wa miaka arobaini na minne na woga wa kutosha ukoo mzima. Karakana yake iko nyuma ya yadi za mbao, upande ule ambao unga wa paina huingia mpaka kwenye mboga, na kazi yake ni vitanda, makabati na milango. Ni fundi mzuri. Hata wanaomsema vibaya wanamsema wakiwa wamelala kwenye vitanda vyake. Ila akifunga karakana jioni hutembea hatua ishirini, akarudi kutikisa kufuli, akatembea tena, akarudi tena, na akifika nyumbani mkewe Eveline humjibu kabla hajafungua mdomo.

"Umefunga, Baba Tekla. Kaa ule."

Katika vyote anavyoviogopa, viwili vimepanda ngazi mpaka juu kabisa.

Cha kwanza ni msumeno wa meza. Aliununua mtumba kwa fundi mmoja aliyekuwa anahama, na hakujiuliza kwa nini yule mtu alikuwa anahama kwa furaha namna ile. Kukata unakata vizuri. Ugonjwa wake ni kusimama. Ukizima swichi, mota inanyamaza, lakini lile sahani lenye meno linaendelea kuzunguka kimyakimya, kama mtu aliyeachishwa kazi na bado anakuja ofisini kila asubuhi. Miaka minane iliyopita Filemoni alizima, akahesabu moyoni moja, mbili, tatu, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha ubao. Mkono ulirudi. Kidole cha mwisho cha kushoto hakikurudi nao. Walikizika nyuma ya karakana, kwenye shina la mchaichai, na Eveline mpaka leo huchuma majani ya chai palepale, kwa sababu, anasema, ndipo ulipostawi.

Tangu siku hiyo msumeno anaushika Rabson, mtu mzima mwenye watoto wanne, vidole kumi na woga sifuri. Hilo linamlazimu Filemoni aogope kwa niaba ya watu wawili. Kila jioni kabla hawajaagana humwambia, "Lete mikono nione."

Rabson huikunjua. "Kumi, bosi. Jana vilikuwa kumi, leo kumi. Nikiongeza nitakwambia."

Cha pili anachokiogopa ni kaduara.

Unakajua. Ni kale kanakozunguka katikati ya kioo cha kompyuta wakati kompyuta inajifanya inafikiri. Filemoni alijifunza kuchora samani kwenye laptop kwa kuangalia video kwenye simu, kidogo kidogo, mwaka mzima. Sasa mteja anaweza kuliona kabati lake kabla mbao haijakatwa: linageuka huku na huku, milango inafunguka, droo zinatoka. Jambo zuri sana, isipokuwa laptop yenyewe ilikuwa ya tangu enzi Tekla yuko chekechea, na Tekla sasa yuko bweni kidato cha tatu. Ukiifungulia mchoro, kaduara kalikuja, kakakaa, kakafanya makao.

Kule Chimala kalimwaibisha. Alikwenda kwa mfanyabiashara wa mpunga aitwaye Zabron, aliyetaka makabati ya jiko. Akaweka laptop mezani, akabonyeza mchoro. Kaduara kakaanza. Dakika ya kwanza Zabron alitazama kwa adabu. Dakika ya nne akauliza, "Fundi, hiki kinachozunguka ndiyo kabati lenyewe?" Filemoni akacheka peke yake. Dakika ya saba Zabron akasema anatoka mara moja kuangalia gari lake linavyopakiwa magunia. Ni mwaka wa pili huu. Hajarudi. Makabati yake alitengenezewa na mtu mwingine, kwa mchoro wa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda.

Kwa hiyo Bi Shufaa alipopiga simu kutoka Mbeya, Filemoni aliipokea akiwa amesimama, akaimaliza akiwa ameketi chini. Bi Shufaa anajenga nyumba ya wageni mtaa wa Soweto. Vyumba ishirini na viwili. Kila chumba kitanda, kabati, meza na kiti. Kazi ya nusu mwaka, na hapa lazima isemwe kwamba karakana ilikuwa na oda moja tu iliyobaki, mlango wa choo cha shule ya awali.

"Njoo Jumatano unioneshe hiyo michoro yako," alisema Bi Shufaa. "Ila mimi, mwanangu, sitaki mtu wa kunipotezea muda."

Kunipotezea muda. Filemoni alikaa na maneno hayo siku nzima kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki. Aliona sebule ya Bi Shufaa. Aliona kaduara. Alimwona Bi Shufaa akitoka mara moja kuangalia gari.

Laptop mpya ilikuwa lazima. Hela ya laptop ya kawaida alikuwa nayo. Pembeni palikuwa na hela nyingine, laki nne na nusu, ndani ya kibubu cha mbao alichokiunda bila mlango wala bawaba kwa kujiogopa mwenyewe. Hiyo ilikuwa ya msumeno. Fundi umeme alishasema: mota yenye breki na kinga ya chuma juu ya meno, laki nne na nusu, unazima swichi na sahani linasimama hapohapo. Ilikuwa imechukua miezi kumi na minne kukijaza.

Jumapili, nje ya kanisa, alimfuata Mwalimu Jofrey. Huyu anafundisha kompyuta kwenye sekondari ambayo kompyuta zake kumi na mbili zimefunikwa vitambaa vya kufuma na hazijafunuliwa tangu mgeni rasmi aondoke.

"Laptop yenye prosesa ya i5 ni ya kuandikia barua, fundi," alisema Jofrey, akishusha sauti kama daktari. "Kwa michoro yako chukua i7, ina kasi zaidi. Mbele ya mteja mkubwa, ikikwama mara moja tu, umekwisha. Mimi nakwambia kama ndugu."

Eveline alikuwa pembeni na Biblia yake kwapani. "Na wewe ya kwako ipi, mwalimu?"

"Mimi, mama? Mimi natumia simu."

Jumatatu asubuhi Filemoni alikivunja kibubu kwa patasi. Hakuwa ameamua, alisema. Alikuwa anakwenda nayo hela ili iwepo tu. Eveline alisimama mlangoni akitazama vipande.

"Hiyo hela ina jina lake, Baba Tekla. Inaitwa vidole vya Rabson."

"Najua, Mama Tekla."

"Haya. Nenda, mimi nimeshasema."

Duka la Hamza liko Iringa mjini, na Hamza ni kijana wa watu, anauza kwa maneno machache, kitu ambacho kilimwogopesha Filemoni zaidi. Aliweka mezani laptop mbili. Rangi moja, kioo kimoja, uzito mmoja. Filemoni aligonga moja kwa kifundo cha kidole, halafu nyingine, akasikiliza, kama anavyopima ubao uliokauka. Hazikusema kitu.

"Hii i5, hii i7," alisema Hamza. "Zote za juzijuzi. Tofauti ni prosesa. Na laki nne na nusu."

"Ipi itafaa?"

"Inategemea kazi yako, mzee wangu. Una kazi yako hapo? Tufungue kwenye zote mbili tuone."

Filemoni alikuwa nayo, kwenye flashi, mfuko wa ndani. Lakini mafundi wa Mafinga hawaonyeshani kazi. Kitanda kipya hufunikwa turubai mpaka siku ya kuchukuliwa, maana mtaa una macho, na mtindo ukionekana Jumatatu, Alhamisi unauzwa kwa jirani kwa bei ya chini. Hamza hakuwa seremala, ila huenda alikuwa na shemeji seremala. Kila mtu ana shemeji.

"Geuka ukutani," alisema Filemoni.

"Nani, mimi?"

"Samahani, kijana wangu. Geuka tu kidogo. Shika saa ya simu. Nikisema anza, anza. Nikisema basi, basi."

Wateja wawili waliokuja kununua chaja walimkuta mwenye duka ameelekea ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi, simu mkononi, huku mtu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi akisema "anza." Walisubiri kwa heshima.

i5 ilifungua mchoro kwa sekunde ishirini na tisa.

i7 ilifungua kwa sekunde ishirini na nne.

Walirudia mara tatu. Ilikuwa hivyo hivyo.

"Sasa umeona," alisema Hamza, akiwa bado anautazama ukuta. "Tano. Mimi ningekuwa wewe ningechukua i5, nikala kuku."

Maneno ya muuzaji anayekwambia uchukue ya bei ndogo ni maneno ya kuogopa. Filemoni alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za duka, akajaribu sekunde tano. Alifumba macho akajiweka sebuleni kwa Bi Shufaa. Sekunde ya kwanza, mama anatazama kioo. Ya pili, anatazama kioo. Ya tatu, anamtazama yeye. Ya nne, anatazama mlango. Ya tano, anasema anatoka mara moja. Alirudia kwa upole zaidi, na Bi Shufaa akatoka kwenye ya nne.

Alimpigia Eveline.

"Mama Tekla, sekunde tano ni nyingi au chache?"

"Za nini?"

"Tofauti ya hizi mashine mbili."

"Laki nne na nusu kwa sekunde tano," alisema Eveline. "Baba Tekla, hata mchungaji akikohoa zinaisha."

"Kidole kiliondoka kwa tatu," alisema Filemoni.

Hilo ni kweli. Na hapo ndipo lilipo kosa ambalo mwalimu, karani au muuza vitenge asingelifanya. Kwa watu hao sekunde tano si kitu. Kwa mtu wa msumeno, sekunde tano ni kidole kimoja na chenji inabaki. Filemoni alirudi ndani akachukua i7, akitumia hela ya kuzuia kidole kukatika kununua muda ambao kidole kingeweza kukatika. Ukimweleza hivyo anakuelewa kabisa. Hata siku ile alielewa. Woga haumzuii mtu kuelewa.

"Una siku saba," alisema Hamza akiandika risiti. "Isipokufaa rudisha, tunabadilishana, nakupa tofauti yako. Ila isiwe na mkwaruzo hata mmoja."

Hilo nalo likawa la kuogopa.

Laptop haikuingia karakana. Haikuona vumbi. Ililala kabatini imefungwa kwenye shali la utoto la Tekla, na Jumatano ikasafiri kwenda Mbeya mapajani mwa Filemoni, ndani ya shali hilo hilo, mpaka abiria wa jirani akamuuliza mtoto ana miezi mingapi. "Ana siku tatu," alijibu, kwa kuwa hakusikia swali vizuri na siku za kurudisha mashine ndizo zilizokuwa kichwani mwake. Basi lilipopita Chimala aliinama kabisa, kusudi Zabron asimwone.

Bi Shufaa alikuwa mwanamke mnene wa ushungi mweupe, mwenye sebule yenye zulia zito kiasi kwamba Filemoni alivua viatu, akatamani kuvua na soksi. Alikuwa na mpango. Salamu, laptop mezani, subiri mama aketi, bonyeza, hesabu. Ishirini na nne. Kwenye ishirini atasema jambo kuhusu hali ya hewa.

Mama aliketi. Filemoni alibonyeza. Kaduara kakatokea.

Moja, alihesabu. Mbili.

Bi Shufaa alisimama.

Ilikuwa mbili tu. Hata i5 isingeweza, hata mashine ya serikali isingeweza.

"Hebu ngoja, mwanangu," alisema Bi Shufaa. "Umetoka Mafinga na baridi yote hii, halafu uanze kazi nyumbani kwangu na tumbo tupu? Watanionaje?" Akaenda jikoni.

Mchoro ulifunguka kwa sekunde ishirini na nne kamili, mbele ya saa ya ukutani na paka. Kabati liligeuka vizuri. Paka hakusema kitu.

Chai ilikuja, na vitumbua, na viazi vya nyama, kisha chai nyingine. Ilikuwa na mchaichai. Filemoni aliinusa, akakumbuka shina la nyuma ya karakana, lakini huwezi kumwambia mwenyeji wako kwa nini hunywi chai ya mchaichai, kwa hiyo alikunywa. Bi Shufaa alimuuliza kuhusu mke, kuhusu watoto, kuhusu mvua za Mafinga, kuhusu marehemu fulani wa Iringa ambaye kila mtu anamjua isipokuwa Filemoni. Yeye ambaye hakutaka mtu wa kumpotezea muda alitumia saa moja na nusu kabla hajagusa biashara, na hakuuona kuwa umepotea, kwa maana haukuwa muda, ulikuwa mgeni. Kioo cha laptop kilichoka kusubiri kikazima chenyewe.

Wakati wa kikombe cha tatu Bi Shufaa aliutazama mkono wa Filemoni.

"Kidole hiki kilikwenda wapi?"

Alimweleza. Swichi, moja, mbili, tatu.

"Na huo msumeno uliutengeneza?"

"Bado, mama."

"Sasa nani anaushika?"

"Mwenzangu mmoja, Rabson."

"Ana familia?"

"Ana watoto wanne, mama."

Bi Shufaa alimmiminia chai. Halafu akasema aone hayo makabati, na Filemoni akaiamsha laptop, na mama akatazama kwa muda wa kutafuna kitumbua kimoja.

"Sawa. Ila kichwa cha kitanda kiwe kifupi, wageni wanapakaza mafuta ya nywele. Chukua kazi. Nitakupa hela ya mbao tu kwanza, na nitakuja mwenyewe kuzihesabu."

Alirudi Mafinga na furaha, na kwa mtu kama Filemoni furaha ni hali ya hatari, hajaizoea. Alhamisi asubuhi aliingia karakana akiita kutoka mlangoni, "Rabson, tumepata, vyote ishirini na viwili."

Rabson ndiyo kwanza alikuwa amezima msumeno. Aligeuza kichwa acheke, na huku anacheka mkono ukaenda wenyewe kuchukua ubao, kama ulivyokwenda mara elfu moja. Mota ilikuwa imenyamaza. Sahani halikuwa limenyamaza. Lilidaka mkono wa shati, likavuta, kitambaa kikapasuka mpaka kwenye kiwiko, na Rabson akaanguka nyuma juu ya rundo la maranda.

Sahani liliendelea kuzunguka na kile kitambaa cha buluu, likapunguza, likapunguza, likasimama. Filemoni alilihesabu. Sekunde kumi na nane.

"Lete mikono nione," alisema.

Rabson aliinyoosha kutoka palepale chini. Safari hii hakutania. Filemoni alihesabu vidole kwa kuvishika kimoja kimoja, akafika kumi, akaanza upya. Kisha akautoa waya wa msumeno ukutani, akauviringisha, akauweka mfukoni, akaenda nyumbani kuchukua shali lenye laptop.

Ijumaa, siku ya tano, Hamza aliikagua laptop chini ya taa, mbele, nyuma, pembeni. Haikuwa na mkwaruzo. Ilinukia mtoto mchanga.

"Ina tatizo?"

"Haina."

"Inakwama?"

"Haikwami."

"Mteja hakupenda?"

"Kazi nimepata. Nipe ile nyingine, na tofauti yangu."

Hamza aliitoa i5, akahesabu laki nne na nusu, akaisukuma mezani, lakini mkono akauacha juu yake. Watu wanne walikuwa dukani, na mmoja wao alikuja kuuliza swali hilo hilo, achukue i5 au i7.

"Nisaidie kitu kimoja, mzee wangu," alisema Hamza. "Kila siku watu wananiuliza hapa kama prosesa yenye kasi zaidi inastahili hela ya ziada. Mimi nauza tu, sijui. Wewe ndiye mtu pekee niliyemwona akizipima, tena mimi nikiwa nimeelekea ukutani. Umekwenda nazo mpaka Mbeya, mbele ya mteja mkubwa. Hebu waambie hawa. Zile sekunde tano zilikuwaje?"

Duka zima lilimgeukia. Filemoni aliiweka hela mfuko wa shati, akafunga kifungo, akakivuta kuona kama kimefunga, akakivuta tena.

"Sikuziona," alisema. "Nilikuwa nakunywa chai."